Mto Uliopata Baba

Jumatatu asubuhi Mama Kaulimbiu alikuwa mapokezini, akisugua kwa gazeti alama za vidole kwenye kioo cha kabati la tuzo, chai yake ikipoa juu ya kaunta, simu ya getini ilipolia.

"Una mgeni," mlinzi alisema.

"Nani?"

"Mto."

"Mto gani?"

"Ule wetu. Nimeuambia usubiri nje, lakini ndiyo hivyo tena, ni mto. Umepita chini ya geti."

Mama Kaulimbiu hakuwa na mtoto aitwaye Kaulimbiu. Hakuwa na mtoto kabisa. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kila kaulimbiu ya kampuni ilitoka kichwani mwake. Kampuni ilitia rangi vitambaa: jinzi, sare za shule, mashuka ya hoteli, na chochote kingine ambacho mtu angeleta kikiwa cheupe. Yeye ndiye aliyebuni "Rangi Inayojali", halafu "Sisi na Kijani, Damu Moja". Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya wiki iliyopita: "Tumeuasili Mto."

Sherehe ilifanyika ukingoni, chini ya mahema. Palikuwa na bendi, maji ya chupa na kofia zenye nembo. Mkurugenzi alipiga goti juu ya taulo lililotandikwa ili suruali isichafuke, akaupapasa mto kama mtu anavyopapasa kichwa cha mtoto wa jirani, akasema mbele ya kamera, "Kuanzia leo wewe ni mwanangu." Mwanasheria wa kampuni alikuwa amehangaika kutafuta fomu ya kuasili mto, hakuipata. Akachukua ya kuasili mtoto, akakata "to" moja kwa kalamu, mambo yakaisha. Mkurugenzi akaweka sahihi, watu wakapiga makofi, mahema yakakunjwa. Hakuna aliyejiuliza kama mto ulikuwa unasikiliza.

Ulikuwa unasikiliza.

Uliingia kwa mlango wa kioo, uliofunguka wenyewe kama unavyomfungukia kila mtu. Ulikuwa umejibana ili utoshe. Ulibeba ndala moja ya mguu wa kushoto, mifuko ya plastiki, chupa kadhaa tupu na kambare mmoja aliyeonekana kuchoshwa na safari. Mama Kaulimbiu aliuonyesha lifti. Mto ulikisoma kibao cha uzito wa mwisho, ukaona heri ngazi.

Ghorofa ya tatu Mkurugenzi alikuwa anasoma gazeti kuanzia nyuma, kwenye michezo.

"Nani huyo?" aliuliza bila kuinua macho.

"Mto, bosi."

"Umekuja na nani?"

"Peke yake."

Mto ulipita pembeni ya sofa ya wageni, ukaingia chini ya meza, ukalala juu ya miguu yake. Mkurugenzi aliinyanyua miguu. Baadaye aliishusha, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kusoma matokeo ya mpira miguu ikiwa hewani. Jioni alipovua soksi nyumbani kwake, alikuta miguu yake ni ya bluu mpaka juu ya kifundo, kwa sababu wiki ile kiwanda kilikuwa kimetia rangi jinzi.

Mwanasheria aliitwa. Alisimama mlangoni, mbali kidogo na maji, viatu vyake vikiwa vipya.

"Kisheria, aliyeasili anatakiwa kutoa malazi, chakula, matibabu na elimu," alisema.

"Mimi nilikuwa natania," Mkurugenzi alisema.

"Uliweka sahihi, bosi."

"Nilitania kwa kuweka sahihi."

Mwanasheria aliahidi kuangalia kama sheria inatambua utani wa aina hiyo. Hakurudi tena ghorofa ya tatu mpaka sakafu ilipowekewa mbao.

Kabla ya mchana kiwanda kilisimama. Pampu iliyokuwa ikivuta maji mtoni ilivuta hewa, ikavuta tope, ikakohoa, ikazimika. Bondeni, ambako watu walichota maji yaliyopita kiwandani, akina mama walishuka na ndoo wakakuta mchanga mtupu na bomba la kampuni likidondosha matone ya bluu. Walitazama upande wa juu kwa muda, wakarudi nyumbani na ndoo zao.

Kampuni ilijaribu kuurudisha. Lori la maji lilikuja, mpira ukapandishwa dirishani, mto ukavutwa wote pamoja na kambare. Dereva aliumwaga kwa adabu pale pale ulipotoka, akauaga. Alipofika getini, mlinzi alimwambia, "Umechelewa. Mto umeshapita."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya kuliko wakurugenzi wengine. Siku ya tatu alianza kuja kazini na kandambili. Siku ya nne alisikika akiuambia mto mambo yake, jinsi benki inavyomsumbua na jinsi watoto wake wawili wasivyompigia simu ila pale wanapotaka kitu. Mto haukumkatiza. Aliagiza samaki wadogo wa mapambo ili kambare apate wenzake, na kambare akawala. Mkurugenzi alicheka mpaka katibu wake akachungulia kuona kuna nini.

Wiki hiyo hiyo walikuja wanunuzi kutoka ng'ambo, watu watatu wenye viatu vya rangi ya maziwa. Mto ulikuwa na tabia ya kutoa kila rangi iliyowahi kumwagwa ndani yake, kwa zamu, na siku hiyo zamu ilikuwa ya nyekundu. Ulikuwa umejinyoosha kwenye korido, unang'aa kama juisi.

"Kwa nini maji haya ni mekundu?" mnunuzi mmoja aliuliza.

Mkurugenzi alimtazama Mama Kaulimbiu. Kila mtu kwenye korido alimtazama Mama Kaulimbiu.

"Ni rangi ya msimu ujao," alisema. "Tunaionyesha kwenye maji ili muone inavyokaa."

Wanunuzi walipiga picha. Mmoja alivua viatu akajaribu, akatoka na miguu myekundu, akaiinua mmoja baada ya mwingine kwenye mwanga wa dirisha, akasema inashika vizuri. Waliagiza mzigo mkubwa kuliko wa mwaka uliopita. Mkurugenzi alimpa Mama Kaulimbiu mkono ulioloa, akamwambia yeye ni hazina ya kampuni. Mama Kaulimbiu alifurahi. Alirudi mezani kwake akanywa chai akiwa bado anafurahi, na ni wakati wa kuosha kikombe tu ndipo alipoona vidole vyake navyo ni vyekundu na haviondoki.

Kulikuwa na tatizo la jioni. Mke wa Mkurugenzi alikataa katakata. Alisema hakuolewa ili alee watoto wa nje, tena wanaolowesha mazulia. Ikaamuliwa kwamba mto uwe unalala kwa Mama Kaulimbiu, kwa kuwa wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Alitembea nao kwa miguu, ukimfuata kando ya barabara kwenye mtaro, ukipishana na watu waliotoka kazini. Waliomfahamu walimsalimu. Mmoja alimwambia amepungua.

Mama Kaulimbiu aliishi bondeni na mama yake mzazi, mwanamke mwenye ulimi mkali na bustani ndogo ya mboga nyuma ya nyumba. Mama huyo alikuwa uani akipepeta maharage alipouona mto unaingia.

"Hatimaye," alisema. "Umeniletea mjukuu."

"Si wangu, Mama. Ni wa Mkurugenzi."

"Na kulala analala kwako?"

"Ndiyo."

"Hayo sitauliza. Karibu, mwanangu, pita. Hiyo ndala iache mlangoni."

Ofisini kila mtu alisema mto umekuja, mto umekaa. Mama yake alisema huyu, alisema amekonda, alisema hayapendi macho yake. Aliutazama kwa muda mrefu, kwanza kutoka mbele, kisha kutoka ubavuni. Katika mto huo huo alikuwa amemwogesha binti yake siku za utoto, wakati mtu aliweza kuangusha sindano akaiona ilipolala.

"Lete beseni," alisema. "Na dodoki. Na lile dumu la maji niliyonunua."

Aliuogesha mto. Aliuketisha kwenye beseni kipande kwa kipande, akaupaka sabuni, akausugua kwa nguvu ile ile aliyowasugulia watoto wake, akiuambia utulie, usijikunje, inua mkono, japo haukuwa na mkono. Ilitoka bluu. Chini ya bluu ilikuwepo nyekundu, chini ya nyekundu kijani cha sare za shule. Halafu ikatoka nyeusi ambayo hata Mama Kaulimbiu, aliyeijua katalogi nzima ya kampuni kwa majina, hakuweza kuitaja. Dumu likaisha. Mto ulikuwa vile vile, ila sasa ulinukia sabuni.

Mama yake alikaa chini akapumua.

"Huyu hajachafuka," alisema. "Huyu amechafuliwa. Huko kazini kwenu nani anamwogesha?"

"Tuna mtambo wa kusafisha maji."

"Unafanya kazi?"

 Kila mwaka Mama Kaulimbiu aliandika habari za mtambo huo kwenye vipeperushi, kwenye kalenda, kwenye hotuba za Mkurugenzi. Aliwahi kuuita moyo wa kampuni.

"Nimeandika kwamba unafanya kazi," alisema.

"Sikukuuliza umeandika nini."

Mto ulilala jikoni, karibu na jiko lililokuwa bado na joto. Ulikoroma kwa sauti ya chini, ya mawe yanayosuguana. Asubuhi hata magodoro ya chumbani yalikuwa yameloa, lakini mama yake hakuulaumu. Alisema watoto waliohamishwa nyumbani kwao huwa hivyo.

Siku hiyo Mama Kaulimbiu hakwenda mezani kwake moja kwa moja. Alipita nyuma ya kiwanda, mto ukiwa nyuma yake, mpaka kwenye mtambo. Ulikuwa jengo zuri la mviringo, lililopakwa rangi ya samawati kila mwaka kabla ya wapiga picha kuja. Juu ya mlango palikuwa na bango kubwa, na maneno ya bango alikuwa ameyaandika yeye. Palikuwa pia na swichi. Aliibonyeza. Taa ya bango ikawaka.

Aliibonyeza tena, ikazima. Hapakuwa na swichi nyingine.

Mlango haukuwa na kufuli. Ndani palikuwa na mahema yaliyokunjwa, viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine hadi karibu na dari, makopo ya rangi ya samawati, na kofia zilizobaki kwenye sherehe ya kuasili. Mto uliingia, ukazunguka kati ya viti kama mtu anayetazama chumba cha kupanga, ukatoka. Ulikuwa umechukua kofia moja.

Mama Kaulimbiu alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilimshangaza kidogo, kwa sababu kazini hakuwahi kuja nayo.

"Bosi, mtambo hauna kitu ndani."

"Una viti," Mkurugenzi alisema.

"Mto unaumwa."

"Nani kasema?"

"Mama yangu."

"Ni daktari?"

"Ni mama."

Mkurugenzi aliinama akautazama mto, ambao ulikuwa umeshafika chini ya meza na kujizungusha kwenye miguu yake. Aliupapasa. Mkono wake ulikuwa wa bluu mpaka kwenye saa, na hakuwa akiuficha tena.

"Nampenda huyu mto," alisema. Ilikuwa kweli, na yeyote aliyekuwepo angeliona hilo. "Nisikufiche, nampenda kuliko wale wawili wa nyumbani."

"Basi nunua mtambo wa kweli."

"Kupenda ni kupenda, Mama Kaulimbiu. Umeme ni umeme. Unajua mtambo kama huo unakula umeme kiasi gani?"

Mama Kaulimbiu hakujua. Aliugeukia mto, akauita kama mama yake alivyouita.

"Mwanangu, simama twende nyumbani. Huyu si baba."

Mto ulisimama. Ulitoka chini ya meza, ukavuka zulia, ukafika alipokuwa yeye, na kwa muda maji yalimfika kwenye magoti, yakiwa ya baridi na ya bluu. Alianza kutembea kuelekea mlangoni. Nyuma yake Mkurugenzi hakufoka wala hakuinuka. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Unamwacha baba na nani?"

Mto ulisita katikati ya chumba. Haukwenda mbele, haukurudi nyuma. Ulisambaa kidogo, kama maji yanavyosambaa kwenye sakafu iliyo sawa. Halafu ukarudi chini ya meza.

Mama Kaulimbiu alikaa ngazini na sketi yake iliyoloa. Hakulia. Alifikiria kwamba hata kama angepewa siku nzima na karatasi nyeupe, asingepata neno la kuuambia mto lililo zuri kuliko lile moja alilosema Mkurugenzi: baba. Na kazi yake ilikuwa kutafuta maneno.

Sasa Mkurugenzi naye alikuwa na shida, kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wanapiga simu kuuliza mzigo wao, na kiwanda kilikuwa kimelala. Alifikiri akiwa ameloweka miguu. Mwishowe alisema kwamba mtoto akishakua anamsaidia baba yake kazini, hilo halina ubishi popote duniani. Mafundi wakaja na mpira mnene, wakaufunga dirishani ghorofa ya tatu, wakaushusha mpaka kwenye matangi ya kutilia rangi. Mto ukapita humo. Pampu ya zamani haikuhitajika tena, na Mkurugenzi alieleza kwamba huko ndiko kubana matumizi ya umeme.

Kiwanda kikaamka. Mto ulishuka kwa mpira asubuhi, ukafanya kazi kwenye matangi, ukatoka kwa lile bomba la siku zote, ukapita bondeni kwenye njia yake ya zamani ukiwa na rangi ya zamu hiyo, ukazunguka, na jioni ukapanda ngazi taratibu, umechoka kama mtu yeyote anayetoka zamu. Haukwenda tena kwa Mama Kaulimbiu. Ulilala ofisini. Akina mama wa bondeni walishuka na ndoo zao, wakayakuta maji, wakachota.

Baadaye ikatangazwa tuzo ya mazingira. Waandaaji walitaka kila kampuni inayoshindana iwe na Mkurugenzi wa Mazingira mwenye kiti kwenye bodi. Kampuni haikuwa naye. Mkurugenzi aliuteua mto. Ulitengenezewa kitambulisho, ingawa picha ilitoka na ukungu kwa kuwa haukutulia. Ulipewa kiti cha ngozi kinachozunguka. Haukupewa mshahara, kwa sababu ni mtoto wa nyumbani.

Kikao chake cha kwanza cha bodi kilikuwa na ajenda moja: kujenga kiwanda cha pili, juu zaidi, karibu na chemchemi. Wajumbe walikuwa sita. Mama Kaulimbiu alikaa mwisho wa meza kuandika kumbukumbu za kikao. Mto ulikuwa kwenye kiti chake, umevaa kofia, maji yake zambarau kwa sababu ya mashuka ya hoteli fulani. Mkurugenzi alieleza faida. Picha zilionyeshwa ukutani. Mjumbe mmoja alisinzia, akaamshwa.

"Kuna pingamizi?" Mkurugenzi aliuliza.

Hapakuwa na pingamizi.

"Mto umesema kitu," alisema Mama Kaulimbiu.

Wote walimgeukia. Haikuwa kazi yake kusema.

"Umesema nini?"

Mama Kaulimbiu aliutazama. Maji yalikuwa yanatetemeka kwenye ukingo wa kiti.

"Umesema shhh."

Wajumbe walitafakari.

"Unataka tunyamaze," alisema yule aliyekuwa amesinzia.

"Ni jambo la heshima," alisema mwingine. "Kwa ajili ya mazingira."

Wakainamisha vichwa, wakanyamaza dakika nzima. Kiyoyozi kilisikika. Mkurugenzi alifumba macho, na kwenye kona ya jicho lake moja palikuwa na chozi, la kweli.

"Sidhani ulikuwa na maana hiyo," Mama Kaulimbiu alisema baada ya dakika kuisha.

"Ulikuwa na maana gani, basi?"

"Uulizeni tena."

Wakauuliza tena, kwa upole, kila mmoja akiwa amegeuza kiti. Mto ulijikusanya wote, kuanzia kambare mpaka kofia, ukapanda juu kidogo, ukatoa sauti yake yote uliyokuwa nayo.

"Shhh."

Safari hii walisimama. Walinyamaza kwa dakika mbili. Kisha Mkurugenzi alimshukuru Mkurugenzi wa Mazingira kwa kuwaongoza, akatangaza kwamba kiwanda cha pili kimepitishwa kwa kauli moja, na akamwomba Mama Kaulimbiu aanze kufikiria kaulimbiu. Chai ikaletwa. Mto ulipewa kikombe kama wakurugenzi wengine.

Jioni Mama Kaulimbiu alifika nyumbani akamkuta mama yake uani, anaanua nguo. Mashuka aliyoyafua asubuhi yakiwa meupe yalikuwa zambarau, na yeye alikuwa anayakunja hivyo hivyo, vizuri, kona kwa kona.

"Umewaambia?" mama aliuliza.

"Nimewaambia."

"Na yeye, amesema?"

"Amesema. Mara mbili."

"Wakasemaje?"

"Walinyamaza. Mara ya kwanza wakiwa wamekaa, mara ya pili wakiwa wamesimama."

Mama yake alikunja shuka la mwisho, akaliweka juu ya mengine, akalipiga kofi likae sawa.

"Angalau wana adabu," alisema.